Kura Walizoninyima na Kazi Waliyoniachia

Mwaka 2022 sisi watu wa Mombasa tulipiga kura mara mbili. Tarehe 9 Agosti tulipanga foleni kama Wakenya wengine, ila tulipewa karatasi tano badala ya sita. Siku moja kabla, Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilikuwa imetangaza kwamba karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zimechanganywa picha na majina. Uchaguzi wa gavana ukasogezwa hadi tarehe 23, kisha ukasogezwa tena hadi 29. Kwa wengi huo ulikuwa usumbufu tu. Kwangu ulikuwa mtihani, kwa sababu nilikuwa nimegombea uwakilishi wa wadi, mgombea huru, katika mojawapo ya wadi tano za Likoni, na tarehe 9 niliangushwa. Wenzangu walioanguka kwingineko nchini waliweza kujifungia ndani mpaka watu wasahau. Mimi ilinibidi nirudi shule ileile, nisimame foleni ileile, na watu walewale walioninyima kura.

Naandika haya kwa sababu uchaguzi wa 10 Agosti 2027 hauko mbali, na nawajua vijana na kina mama huku ng'ambo ya feri ambao tayari wameanza kupiga hesabu zao. Mombasa nzima ina wadi 30, yaani viti 30 tu vya kupigiwa kura katika bunge la kaunti. Wengi kati ya wanaojitayarisha sasa wataanguka, hasa wasio na tikiti ya chama kikubwa wala mfuko. Wa kukufundisha kampeni hawakosekani. Wa kukuketisha akakufundisha utaamkaje kesho yake, huyo mimi sikumpata.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Niliingia kwenye siasa kwa sababu ya mtaro. Kila masika maji ya mvua yanateremka mtaani kwetu, yanachanganyika na ya vyoo, yanaingia darasani, na watoto wa miaka minne wanakalishwa juu ya madawati miguu ikining'inia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti mambo haya moja kwa moja: chekechea, zahanati, taa za barabarani, maji ya mvua katika maeneo yenye makazi. Nilipoyasoma niliona kwamba karibu kila kinachotukera mtaani kinapita mikononi mwa bunge lile la kaunti. Nikakusanya saini za wapiga kura wa wadi, 500 ambazo sheria inamtaka mgombea huru awe nazo, nikalipa ada ya nusu wanayolipa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nikapewa alama yangu, nikaanza kutembea.

Kutembea huko nakukumbuka kwa furaha. Nyumba kwa nyumba, jioni baada ya kazi, pamoja na kina mama wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Kahawa barazani kwa wazee, viazi karai kwa vijana wa maskani, na maswali mazito zaidi ya yale unayoyasikia kwenye mikutano ya hadhara. Lakini karibu kila mazungumzo yalifika mahali pamoja. "Mwalimu, twakupenda. Sasa watuwachaje?" Sikuwa na cha kuwaachia. Na wakati huo juu ya vichwa vyetu yalikuwa yakipita magari yenye spika yakihimiza suti, yaani mpigie chama kimoja kuanzia juu hadi chini, na kwenye suti hakuna mfuko wa mgombea huru.

Siwalaumu waliouliza. Mtu anayenunua maji kwa dumu kila siku, ambaye hajamwona mheshimiwa tangu uchaguzi uliopita, akikuona mlangoni anajua kuwa hii ndiyo wiki pekee ambayo serikali itamjia kwa miguu yake. Akidai shilingi mia mbili anadai fungu lake kwa njia pekee aliyowahi kuonyeshwa. Lawama yangu yote naiweka kwa wenye kutoa, wanaojua kabisa kwamba mia mbili hiyo ndiyo mtaro, ndiyo dawa za zahanati, imekatwa mapema na kulipwa nusu nusu.

Usiku wa 9 Agosti mawakala wangu waliniletea nakala za Fomu 36A, ile ya matokeo ya kila kituo kwa kiti cha wadi. Nilizijumlisha mezani, chumba kwa chumba, na jumla yangu ikalingana na iliyotangazwa. Marafiki walinisukuma niende kortini. Sheria inaruhusu: kesi ya kiti cha wadi hupelekwa kwa hakimu ndani ya siku 28, na anayeshtaki huweka dhamana ya shilingi 100,000. Aliyeibiwa na aende, ni haki yake na ni faida yetu sote. Mimi fomu zangu zilikuwa sawasawa. Nilikuwa nimeshindwa na watu wenyewe, na hilo linauma kwa namna yake, kwa sababu hakuna wa kumkasirikia.

Basi zikaja pole. Mungu hajaandika. Kila jambo na wakati wake. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengine waliniambia nisihofu, nitateuliwa, bila kujua kwamba viti maalumu vya Ibara ya 177 ya Katiba hujazwa kutoka orodha za vyama kulingana na viti ambavyo chama kimepata, na mgombea huru hana orodha. Na kila mtu alikuwa na mfano wake. Wazee walinitajia Mwai Kibaki, aliyeshindwa 1992, akashindwa 1997, akaapishwa kuwa rais 2002. Vijana walinitajia Mohamed Ali, aliyechukua ubunge wa Nyali mwaka 2017 akiwa mgombea huru, hapa hapa kwetu. Mwalimu mwenzangu alinitumia habari za John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeshinda Igembe Kusini kule Meru mwaka huohuo wa 2017, naye pia mgombea huru, akiwa na umri wa miaka 23.

Niliwashukuru wote kwa moyo mmoja, na ningependa sana kusema kwamba mifano hiyo ilinisimamisha. Haikunisimamisha. Kibaki alipoanguka mara ya kwanza alikuwa ameshakuwa waziri wa fedha na makamu wa rais. Mohamed Ali sura yake ilijulikana kila sebule kutokana na upekuzi wake kwenye runinga. Mwirigi ndiye aliye karibu nami, na ushindi wake naufurahia mpaka leo. Lakini hata yeye tunamsimulia kwa sababu alishinda. Ukimtia moyo aliyeanguka kwa kumwonyesha walioshinda baadaye, unamwambia kuwa jasho lake litakuwa na maana siku akishinda, na kama siku hiyo haiji basi lilikuwa bure. Nilihitaji moyo ambao ungenitosha hata kama sitashinda kiti chochote maishani mwangu. Huo haukuwa kwenye hadithi za watu wakubwa.

Wa kwanza kunipa alikuwa wakala wangu, kijana wa bodaboda aliyeketi kituoni tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku wa manane. Nilimlipa chakula na nauli, basi. Alikuja nyumbani baada ya siku kadhaa akanikuta nimejilaza. Hakunipa pole. Aliniuliza kama nimeisoma fomu yake.

"Nimeijumlisha," nikamwambia.

"Sikuulizi hiyo, Mwalimu. Umeisoma?"

Akaitandaza mkekani. Alitaka nione mambo mawili. La kwanza, kwamba katika chumba chake niliongoza, mbele ya tikiti zote mbili kubwa. Chumba kimoja tu, lakini niliongoza. La pili lilinishika zaidi. Alinionyesha idadi ya waliosajiliwa katika chumba kile, kisha akanionyesha idadi ya kura zilizopigwa. Wengi hawakuja. Hawakumpa yule, hawakunipa mimi, hawakumpa yeyote. Alikuwa ameketi kutwa nzima akiwahesabu wasioingia, na lilikuwa limemkaa rohoni. Baadaye takwimu za nchi zilimthibitishia: Kenya nzima walijitokeza kiasi cha asilimia 65, Mombasa tulikuwa na zaidi ya watu 640,000 kwenye daftari na hata nusu yao hawakufika.

Kwa siku zote zile nilikuwa naiona kura kama hukumu juu yangu, kwamba mtaa mzima umeketi ukanipima ukaniona nimepungua. Na pale mkekani palikuwa na ushahidi kwamba sehemu kubwa ya mtaa haikuketi kabisa. Mimi na yule aliyeshinda tulikuwa tumegawana kipande. Hilo halikunifurahisha hata kidogo, lakini lilinitoa katikati ya hadithi, na kutoka katikati ya hadithi yako mwenyewe, baada ya kuanguka, ni nafuu kubwa.

Kisha ikaja Jumatatu ya tarehe 29.

Niliamka nikajiambia siendi. Kura moja ya ugavana haitabadilisha kitu. Lakini nilikuwa nimezunguka miezi nikiwaambia watu kwamba kura moja ina uzito, na siku ile kubaki nyumbani kungekuwa kuwatukana walioniamini. Nikajitanda mtandio wangu, nikaenda. Foleni ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Wengine walinisalimu kwa sauti ya juu kupita kiasi, wengine waligundua ghafla kwamba simu zao zina kitu cha kusoma. Mzee mmoja wa barazani nilimpa shikamoo, akaitikia "marahaba, mwanangu", akanipisha mbele yake nikakataa.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja ambaye mjukuu wake nilimfundisha. Tulisogea hatua kadhaa kimya. Halafu akasema, bila kunong'ona, watu wakisikia:

"Mwalimu, mimi n'takwambia kweli. Sikukupa."

Nikamwambia, "Si neno, mama. Kura ni yako."

"Nilimpa yule. Mwanangu alipofukuzwa shule yeye ndiye aliyemlipia karo. Deni ni deni. Lakini ule mtaro usituwachie. Yule hatauweza, hana muda wa kuketi na makaratasi. Wewe wayajua."

Nilitaka kukasirika. Niliona kama ananitaka kazi bila kunipa ajira. Foleni ikasogea, naye akaendelea kunieleza habari za mtaro kana kwamba tumo kwenye kikao: maji siku hizi yanakata upande wa pili, karibu na kisima, ameyaona mwenyewe kwenye mvua za mwezi wa tano. Na nilipokuwa nasikiliza nikatambua kitu ambacho nimekishika mpaka leo. Mama huyu hakunipa kura, na bado ananidai. Ananidai kwa yale niliyoyasema mlangoni kwake. Maneno yangu yalikuwa yamemkaa kichwani kama ahadi halali, ingawa mkataba wenyewe aliutia saini na mtu mwingine. Hakuna anayemdai mtu asiyemwamini. Kampeni yangu ilikuwa imefika mahali ambapo kura haikufika.

Tangu hapo, ninapokutana na mtu aliyeanguka, swali langu la kwanza ni hili: ni nani bado anakudai? Tafuta hao. Pole utapewa na kila mtu, hata asiyekumbuka ulisimamia nini. Anayekuja na lalamiko, na kisima chake na mtaro wake, ndiye aliyekusikia.

Kilichofuata ni kazi ya polepole. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipa bajeti ya kaunti kalenda, na mwananchi ana nafasi ndani yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti, kufikia 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze 1 Julai. Katikati yake wananchi wanapaswa kuitwa watoe maoni. Na Sheria ya Serikali za Kaunti, ya mwaka huohuo wa 2012, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Hakuna mahali sheria hizi zinapouliza kama ulishinda uchaguzi.

Nilirudi kwenye kile chumba nilichoongoza. Nilitaka kujua ni kina nani. Walikuwa wazazi wa chekechea, kina mama wa chama, na vijana kadhaa wa stendi ya tuktuk ambao sikuwahi kuzungumza nao. Walikuwa wamezungumza na yule wakala wangu. Hao ndio tulioanza nao kukutana. Tulizisoma nyaraka za bajeti kwa pamoja, zikiwa zimeandikwa Kiingereza cha wahasibu, mmoja akisoma, mwingine akigeuza kwa Kiswahili, wa tatu akitafuta jina la wadi yetu. Mama wa foleni alikuja na daftari la mjukuu wake. Siku ya kikao cha maoni tulifika mapema, kila mmoja ameshika ukurasa mmoja na swali moja. Nimeona watu wakitetemeka kwa kushika kipaza sauti kwa mara ya kwanza, kisha wakaketi wakiwa watu wengine.

Ilinibidi pia niende kwa aliyenishinda. Hilo lilikuwa gumu kuliko foleni. Alinipokea kwa heshima, akanikaribisha chai, akaichukua barua yetu. Tuliomba taa ya mulika mwizi kwenye kona ambako kina mama wanaoshuka feri usiku walikuwa wakiporwa, na tuliomba mtaro. Taa ilikuja. Ilipozinduliwa kulikuwa na hema, viti, na leso zenye picha, na picha hiyo haikuwa yangu. Nilisimama nyuma na kina mama wa chama. Iliniuma, sitaficha. Lakini usiku huo nilipita kona ile nikamkuta mama wa mahamri amesogeza meza yake mpaka chini ya taa, anauza saa tatu ya usiku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue, na nilijua ukurasa ambao taa hiyo ilitoka.

Mtaro bado. Umeandikwa kwenye mpango, ukatolewa, ukarudishwa. Masika iliyopita watoto wangu waliketi tena juu ya madawati. Sidai kwamba mwananchi mwenye daftari anatosha mahali pa mwakilishi mwenye kura bungeni. Hatoshi, na ndiyo maana viti hivyo vinafaa kugombewa na watu wanaojali. Kama nitasimama 2027 sijaamua. Naulizwa kila wiki, na jibu langu ni hilohilo.

Kwa wewe uliyeanguka, au utakayeanguka, haya ndiyo ningekwambia tukiwa tumekaa barazani. Zihifadhi fomu zako zote, uzisome chumba kwa chumba ukiwa umetulia. Waone mawakala wako mmoja mmoja kabla hujamwona mwanasiasa yeyote. Walikaa na njaa kwa ajili yako na wameona yale ambayo wewe hukuyaona. Madeni ya kampeni yaandike, uwaambie wenye nayo utalipa lini, na familia yako ijue kiasi chake. Usibadilishe namba ya simu. Usikimbie harusi wala matanga ya mtaani. Na usikubali mtu akwambie kwamba mtaa wako hauna shukrani, maana hata anayesema hivyo hakuwahesabu wale ambao hawakupiga kura.

Hao ndio ninaohangaika nao sasa. IEBC ilianzisha upya usajili wa kuendelea tarehe 29 Septemba 2025, katika ofisi za maeneobunge. Watoto wa darasa langu la kwanza kabisa la chekechea wametimiza miaka 18, na wengi wao wanakaa maskani wakiamini kuwa kura ni shughuli ya watu wengine. Mimi na yule kijana wa bodaboda tunawapeleka wawili wawili. Sijawaambia wampe nani. Nawaambia wabebe kitambulisho chenyewe au pasipoti, maana nakala haikubaliwi, wachague kituo kilicho karibu na wanakolala, na wakishasajiliwa wanipigie, kwa sababu kikao cha maoni ya bajeti kinakuja na bado sijapata mtu wa kushika ukurasa wa chekechea.